Mlango wa Mbele

"Tunaingilia wapi, nyuma?"

Khotsa aliniuliza hivyo tukiwa mbele ya Kenya National Theatre, jioni moja ya Mei 2022. Alikuwa amevaa lile koti lake la harusi na mazishi, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi hadi unaweza kujiona. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa tayari ameanza kuzunguka jengo.

"Hapana, Khotsa. Mbele. Tuna tiketi."

"Mbele sijawahi kupita," akasema. "Nilileta mbao hapa mara mbili, kitambo. Tulishusha huko nyuma."

Khotsa ni kaka ya mama. Kwetu hilo si jina, ni mjomba tu kwa Kiluhya, lakini yeye ndiye Khotsa wa kila mtu, hata majirani wamezoea. Alishuka Nairobi 1974 akitokea Butere, akaanza kama mbeba mbao Gikomba, baadaye akashika randa na msumeno, na mpaka leo ni fundi. Piga hesabu: miaka 48 jijini, na hilo jengo analijua kwa mlango wa kushushia mizigo.

Nami nisijifanye. Mpaka namaliza shule, thieta kwangu ilikuwa ni wale waigizaji wanaokuja na basi kuigiza setbuku, mnapangwa kwenye ukumbi wa kulia chakula, harufu ya githeri bado iko hewani, na mwigizaji mmoja anacheza watu wanne kwa kubadilisha kofia. Tulicheka hadi machozi. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba kitu kile kina nyumba yake mjini, na kwamba mtu mzima anaweza kuvaa vizuri Ijumaa jioni akaenda kukitazama bila mtihani mbele yake. Mimi nilinaswa 2019, kwenye Too Early for Birds, lile kundi lililoanza 2017 kusimulia historia ya Kenya jukwaani kwa lugha yetu, matusi na muziki ndani. Mwaka huo walikuwa wanamsimulia Tom Mboya. Nilitoka pale nikiwa na hasira ya mtu aliyegundua kuwa alifichwa kitu, na tangu siku hiyo pesa yangu ya nywele nyingi imeishia kwenye tiketi.

Basi nilipomnunulia Khotsa tiketi nilijiona mjanja. Nampeleka mzee wa watu akaone mambo. Mtaona jinsi ujanja huo ulivyoisha.

Kwanza lakini hilo jengo, maana swali lake la "nyuma?" halikutoka hewani.

Kenya National Theatre, au KNT kama tunavyoiita, ilifunguliwa Novemba 1952. Aliyekuja kuifungua ni Ralph Richardson, mwigizaji mkubwa wa Uingereza wa enzi zile. Sasa weka tarehe hiyo kando ya nyingine: tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari. Yaani wiki chache tu kabla ya pazia kufunguliwa, Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa usiku, wanajeshi wakamwagwa barabarani, na kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya vita vilikuwa vinaanza. Mjini, watu wenye koti na gauni wakakaa kwenye viti vipya wakapiga makofi. Neno "National" lilikuwa limeandikwa tayari, taifa lenyewe bado lilikuwa linasakwa na polisi.

Na uwanja wenyewe je? Barabara inayopita mbele ya KNT ni Harry Thuku Road. Ng'ambo yake kuna Norfolk, hoteli ya tangu 1904, iliyokuwa kijiwe cha masetla. Harry Thuku alikuwa karani wa simu serikalini, kijana wa mjini kama wewe na mimi, na mwaka 1921 yeye na wenzake walianza kupiga kelele juu ya kodi, mishahara kukatwa, wasichana kulazimishwa kazi mashambani, na kipande. Kama hujui kipande, kilikuwa kitambulisho alichotakiwa kubeba kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16, kikae ndani ya kikopo cha chuma, kining'inie shingoni kama kengele ya mbuzi. Thuku alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 maelfu ya watu wakajaa nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, hapo hapo karibu, wakitaka aachiliwe. Wazee waliokwenda kuonana na serikali waliporudi na maneno ya kuwatuliza watu watawanyike, mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru akapandisha nguo yake na kuwaambia wanaume wavae hiyo, wampe suruali zao. Umati ukasonga. Polisi wakafyatua risasi, na masetla waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao wakasaidia kufyatua. Serikali ilikiri vifo 21. Watu waliokuwepo walihesabu zaidi. Muthoni Nyanjiru alikuwa kati ya waliouawa.

Miaka 30 baadaye, upande wa pili wa barabara ile ile, ukajengwa ukumbi wa maonyesho.

Sisemi waliojenga walikusudia kejeli. Nadhani hata hawakukumbuka, na hilo ndilo linaloniuma. Kabla ya hapo tayari walikuwa na ukumbi wao mwingine, Donovan Maule, ulioanza miaka ya 1940, wakileta michezo ile ile iliyokuwa inachezwa London. Mwafrika aliingia mle kufagia.

Uhuru ulikuja 1963, bendera ikabadilika, lakini vitu vingine huchukua muda kusikia habari. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa inajiandaa kupeleka michezo miwili kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka uliofuata. Mmoja ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Mwingine ni Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ambao wengi wetu tuliulizwa maswali yake shuleni bila kujua ulitoka kwenye vita gani. Walipoomba KNT ya mwezi wa Oktoba, mwezi wa kukumbuka wale waliokamatwa 1952, waliambiwa kalenda imejaa. Imejaa nini? Kuna kikundi cha baleti kutoka Ufaransa, na kuna komedi ya nyimbo ya Kimarekani kuhusu Roma ya kale. Ilibidi wapigane, waandike magazetini, ndipo wakapewa siku chache za kubanabana.

Na watu walikuja! Ngũgĩ amesimulia jinsi mchezo wa Kimathi ulipofika kwenye wimbo wa mwisho: waigizaji wakashuka jukwaani wakapita katikati ya viti wakicheza, watazamaji wakasimama wakawafuata, wote wakamiminika nje barabarani. Walipoelekea upande wa Norfolk wakakuta polisi wanawasubiri kuwarudisha. Napenda sana picha hii, na huwa nairudia kichwani nikiwa kwenye foleni ya tiketi. Kwa mara ya kwanza watu wale walitoka kwa mlango wa mbele wakiwa wanacheza, na bado serikali iliona kuna shida.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ aliachana na KNT kabisa. Akaenda kwao Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikitaka, kwa Kikuyu. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani walisahihisha maneno, wakaimba nyimbo zao wenyewe, na wakajenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Ulifunguliwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikafuta leseni. Siku ya mwisho ya Desemba, Ngũgĩ akachukuliwa nyumbani na kuwekwa Kamiti mwaka mzima bila kushtakiwa. Wakajaribu tena 1982 na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, safari hii wakitaka kuuleta KNT. Februari walifika wakakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu, hapo jirani, wakaendelea kufanya mazoezi, na maelfu ya watu wakaja kutazama hayo mazoezi usiku baada ya usiku, hadi nako wakafungiwa. Mwezi wa Machi polisi wakaenda Kamĩrĩĩthũ wakauangusha ukumbi wa wanakijiji chini.

Kwa hiyo elewa nilikuwa nimebeba tiketi za nini ile Mei 2022. Ngaahika Ndeenda ilikuwa imefika KNT, jukwaa lile lile la milango iliyofungwa, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku. Iliandaliwa na Nairobi Performing Arts Studio, siku nyingine kwa Kiingereza, nyingine kwa Kikuyu. Aliyeiongoza ni Mwingereza, Stuart Nash. Hilo lilizua mjadala kwenye kundi letu la WhatsApp, na mimi mwenyewe sijaamua nalionaje. Niliamua tu kwamba nikikosa nitajilaumu.

Nilichanganya siku. Nilidhani nimenunua ya Kiingereza. Kumbe ni ya Kikuyu.

Tuliingia, kwa mlango wa mbele. Khotsa alishika fremu ya mlango akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikitimaji, akatikisa kichwa, "Hii ni ya zamani," akapita. Ndani alikataa kuketi mpaka ahakikishe kiti hakina mwenyewe. Taa zikazima. Jukwaani kukatokea nyumba ya maskini, akaninong'oneza, "Huo mlango wameupachika vibaya, bawaba ziko juu sana. Utaona utakwama." (Haukukwama, lakini alikaa akiungoja mchezo mzima.)

Halafu waigizaji wakaanza kuongea, na ukumbi ukaanza kucheka, na mimi nikabaki nimekodoa macho. Mimi ni mtoto wa Umoja. Nina Kiswahili, Kiingereza, Sheng, na Kiluhya cha salamu. Kikuyu nimeshika ya sokoni: bei, njoo, na maneno mawili siwezi kuyaandika hapa. Nikageuka kumwomba Khotsa msamaha kwamba nimempotezea jioni yake.

Khotsa alikuwa anacheka. Tena anacheka kabla ya wenzake, ameegemea mbele, mikono magotini. Nilikuwa nimesahau kitu cha wazi kabisa: mtu hamalizi miaka 48 Gikomba, akipima mbao na mafundi wa Murang'a na Kiambu, akiwakopesha na kuwadai, bila kujifunza lugha yao. Anaota kwa Kikuyu huyo. Basi mzee niliyemleta kumfumbua macho akaanza kunitafsiria, sentensi kwa sentensi, mdomo karibu na sikio langu, na mama mmoja wa mbele akageuka mara mbili kututazama kwa jicho kali, mara ya tatu akaacha.

"Huyu anaitwa Kĩgũũnda. Ni kibarua wa huyo tajiri. Ona pale ukutani, ile karatasi ameitundika. Ni taito ya shamba. Eka moja na nusu."

Kama hujauona, mchezo wenyewe ni huu. Kĩgũũnda hana kitu duniani isipokuwa ile eka moja na nusu. Binti yake anatembea na mtoto wa Kĩoi, bosi. Kĩoi na mkewe wanakuja na maneno matamu: okokeni, fungeni ndoa kanisani kama watu wastaarabu. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanaona hapo ndipo mlango wa binti yao kuolewa vizuri. Harusi ni pesa. Pesa ni mkopo. Mkopo unataka taito. Binti anapata mimba, kijana anamkataa, shamba linakwenda, na mzee anaangukia pombe.

Karibu na hapo katikati, Khotsa aliacha kutafsiri.

Nilingoja. Nikamgusa mkono. "Anasema nini sasa?" Hakujibu. Jukwaani mwanamume mmoja mwenye kalamu alikuwa akimwonyesha mwenzake mahali pa kuweka sahihi. Hapo sikuhitaji tafsiri.

Mchezo ulipoisha watu waliimba. Baadhi ya wazee waliokuwa mle walikuwa wanajua nyimbo, waliziimba kwa sauti ya mtu anayekumbuka mahali aliposimama alipozisikia mara ya kwanza. Khotsa alipiga makofi akiwa ameketi. Tukatoka, tukashuka kuelekea University Way, na tulikuwa karibu kufika stendi ndipo akauliza:

"Yule mzee, wewe umemwona mjinga?"

Nikasema hapana.

"Wengine wa nyuma yetu walisema ni mjinga. Nimewasikia." Akatembea kidogo. "Watu wanaona ile pombe ya mwisho. Ile karatasi hawaioni."

Sasa lazima niwaambie jambo la nyumbani. Shamba letu la Butere lina ua katikati. Upande wa pili kuna nyumba ya mabati ya mtu ambaye si wetu. Tangu nikiwa mdogo nimejua sababu, kwa sababu kila Krismasi kuna mtu atalitaja: Khotsa alikunywa shamba. Inasemwa kwa kicheko, mbele yake, naye hucheka pia. Mimi nimewahi kuisema. Niliisema nikiwa na miaka 19, nikijifanya mcheshi, mbele ya wageni.

Mathree ilichelewa kujaa usiku ule. Tukiwa viti vya nyuma, Khotsa aliniambia kwamba katikati ya miaka ya 1990 alitaka mashine ya kuranda. Mafundi wenzake wawili walikuwa nazo, wanamaliza kwa siku moja kazi yake ya wiki. Akachukua mkopo, akaweka taito. Miezi michache baadaye riba ikapanda, halafu wateja wawili wakubwa wakakaa na pesa yake, halafu barua zikaanza kuja kwa Kiingereza. Alizipeleka kwa jamaa amsomee. Jamaa alimwambia asijali. Nusu ya shamba ikauzwa, na mashine nayo ikachukuliwa. "Ndipo nikaanza kunywa," akasema. "Baadaye. Nilikunywa miaka mitatu. Ukirudi nyumbani ukanuka pombe, hakuna mtu anakuuliza tena habari ya riba."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Nani alikuwa anauliza?"

Akashuka Makadara kwake, akanishukuru kwa matembezi.

Nilikaa na hiyo stori wiki nzima. Halafu akanipigia simu mwenyewe, jambo asilolifanya, akauliza kama hayo majengo yangu yako mengine. Ndivyo tulivyofika makumbusho.

Hapa nitaenda haraka kidogo maana wengi wenu mmefika, hata kama ni ile trip ya darasa la tano ya kukimbilia nyoka. Nairobi National Museum ilianza 1910 kama chumba cha wapenda ndege na vipepeo wa chama cha wazungu, palipo Nyayo House leo. Mwaka 1930 ikahamia kilimani na kupewa jina la gavana aliyefariki, Coryndon. Louis Leakey, aliyeisimamia miaka ya 1940, ndiye anayesifiwa kwa kuwafungulia Waafrika na Wahindi mlango. Sanamu yake iko pale nje. Khotsa aliitazama, akapita, akaenda moja kwa moja kwa ndovu.

Ahmed wa Marsabit! Pembe zake zilikaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Kenyatta alitoa amri alindwe na walinzi usiku na mchana, na alipokufa 1974 mifupa yake ikaletwa hapa, na mfano wake mkubwa ukasimamishwa uani. "Mwaka niliofika," Khotsa akasema. "Kwenye redio walimtangaza kama waziri." Akacheka. "Ndovu amepewa askari. Sisi Gikomba tulikuwa tunachomewa vibanda."

Ndani, kwenye chumba cha mifupa, tulisimama mbele ya Kijana wa Turkana. Miaka milioni 1.5 na zaidi, mtoto aliyefia kando ya ziwa kabla hajabalehe, na karibu kiunzi chake chote kipo. Aliyemwona ni Kamoya Kimeu, mwaka 1984 pale Nariokotome: kipande cha mfupa kidogo sana, rangi sawa na mawe yaliyokizunguka. Kamoya alitoka Ukambani, aliajiriwa na familia ya Leakey 1960 kama mchimbaji, hakusoma sana, na jicho lake likawashinda maprofesa. Mwaka 1985 alikwenda White House kupewa nishani na Reagan. Alifariki 2022, miezi miwili tu baada ya sisi kwenda thieta. Khotsa alipenda habari za Kamoya kuliko za mifupa. Aliniomba niirudie ile sehemu ya kwamba alianza kama kibarua.

Mimi katika jengo hili kumbukumbu yangu kubwa ni ya kabati zisizo na kitu. Machi 2021, barakoa usoni, niliona maonyesho ya Invisible Inventories, yaliyoandaliwa na wasanii wa Nest na Shift pamoja na makumbusho yetu na mengine mawili ya Ujerumani, ya Köln na Frankfurt. Walikuwa wameorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko nje: zaidi ya 32,000, katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Na pale ukumbini kulikuwa na kabati za vioo, zimewashwa taa vizuri, ndani tupu. Nilimsimulia Khotsa.

"Kabati tupu. Na mkalipa?"

"Tukalipa."

Alifikiri. "Kabati zilikuwa nzuri?"

Nikamweleza kuhusu ngadji, ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza 1902 na kukaa kwenye stoo ya British Museum tangu 1908. Nikamweleza kuhusu vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huchongea wazee wao waliokufa. Watu waliziiba makaburini, wakaziuza kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia kwenye sebule za matajiri Marekani, nyingine kwenye makumbusho. Mbili zilirudishwa 2007 kwa sherehe. Nyingine zilipofika uwanja wa ndege wa Nairobi miaka ya baadaye, zilikwama kwa kudaiwa ushuru, kana kwamba mtu ameagiza makabati ya jikoni.

Hapo Khotsa hakucheka. Kama fundi aliuliza ni mti gani, unakaa miaka mingapi nje kwenye mvua. Halafu: "Kwa hiyo mtu alikwenda usiku akang'oa baba ya mtu."

Tulirudi mjini kwa miguu. Nilitaka kumpitisha Nairobi Gallery, ile nyumba ya mawe kwenye kona ya Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, iliyojengwa 1913 na baadaye kuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu waliita ya kuzaliwa, kuoana na kufa kwa sababu vyeti vyote vilitoka humo. Siku hizi kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili, aliyejiuzulu baada ya miezi michache akabaki kuwa mpenzi wa sanaa maisha yake yote. Hatua chache mbele kuna Kipande House, walikokuwa wanaandikishwa watu wa vile vikopo vya shingoni. Sasa ni benki. Lakini jirani kabisa ya Gallery ni Nyayo House, na Khotsa alivuka barabara.

"Upande huu sitembei," akasema.

Chini ya jengo hilo, miaka ya 1980, watu walifungiwa kwenye vyumba vya giza vyenye maji sakafuni wakiteswa wakiri kwamba ni Mwakenya. Wanafunzi, wahadhiri, wakulima. Sikumuuliza kama kuna mtu alimjua. Nimejifunza kuuliza, ila si kila kitu barabarani, saa kumi jioni.

Tukaishia Archives. Unajua vile sisi wote tunasema "tukutane hapo Archives", tunasimama kwenye jua tukiangalia saa, tunanunua njugu, halafu tunaenda zetu? Hiyo nyumba ilikuwa benki, ghorofa ya chini kuna mkusanyo mwingine wa Murumbi, na kiingilio ni cha bei ya chini. Khotsa amesubiri watu nje yake tangu ilipokuwa benki. Alipoona watu wanaingia tu, hivi hivi, alivua kofia.

Ndani alisimama mbele ya kiti kimoja cha kuchongwa kwa muda mrefu hadi miguu yangu ikaanza kuuma. Alichuchumaa. Akatazama chini yake, akainama zaidi, shavu karibu liguse sakafu. Askari akaja, akasema, "Mzee, hakuna kugusa." Khotsa akaonyesha mikono yake miwili, imewekwa mgongoni.

"Sigusi," akasema. Halafu akaniita kwa kichwa. "Njoo uone, mama. Wamechonga chote kwa gogo moja. Hakina msumari hata mmoja."